Posa ya Michigan

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye basi, ghorofa ya juu, nikipita Kilburn katika mvua ile ya London ambayo hainyeshi sawasawa wala haikatiki. Vioo vyote vilikuwa vimejaa mvuke. Mbele yangu walikaa wasichana wawili wa shule wakicheka mambo yao, na mmoja akanyoosha kidole akachora moyo kwenye kioo. Aliuchora kwa pupa, upande mmoja ukavimba na ncha ya chini ikapinda, nami nikajikuta nimesema kwa sauti, "Ohio." Wote wawili wakageuka kunitazama. Nikatabasamu kama mzee aliyefumwa akisema peke yake, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, maana kicheko kilikuwa kimenibana na mbele ya watoto wa watu haifai.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, usije ukadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mimi ni mtu wa Unguja niliyekulia Kilburn, na Marekani sijatia mguu hata siku moja. Lakini nionyeshe umbo la jimbo lolote la nchi ile, nitakwambia jina lake, majirani zake, mazao yake, nani alilitawala kabla ya nani, na zaidi ya yote, kasoro gani iliyomfanya bibi yangu alikatae.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa jiografia. Ndivyo alivyojitambulisha kwa watu mpaka mwisho wa uhai wake, ingawa katika miaka yote ya utoto wangu kazi yake ilikuwa kufunga biskuti kiwandani. Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa bado nabebwa. Tukakaa Dar es Salaam kwa jamaa, tukahama tena, na hatimaye tukafika London na masanduku yetu: baba, mama, bibi mzaa baba na mimi. London ilimpokea baba vizuri isipokuwa kwa jambo moja. Vyeti vyake vya ualimu walivitazama, wakavisifu, wakamrudishia. Kwa hiyo akafunga biskuti. Zilizovunjika waliruhusiwa kuzichukua nyumbani, na mimi nilikuwa msichana mkubwa kabla sijajua kwamba biskuti huanza maisha ikiwa nzima.

Tulipanga vyumba viwili juu ya nyumba ya mama mmoja wa Ireland, karibu na reli. Treni ikipita, vikombe vyote vinalia kabatini. Palikuwa na hita ya gesi iliyokuwa ikilishwa sarafu, na ukiisahau inazima taratibu huku ikikutazama. Mama alishona nguo kwa ajili ya duka moja, cherehani yake iko pembeni ya chumba cha mbele, na jikoni bibi alikuwa akiloweka nazi kavu ya pakiti katika maji ya moto, anaikamua kwa kitambaa, anaonja tui lake, anatikisa kichwa, kisha anapikia hivyo hivyo. Kila siku alitikisa kichwa. Wali ule ulikuwa mtamu mpaka leo sijaupata mfano wake.

Mimi nilikuwa nimeshaipenda Kilburn. Nilikuwa na shoga yangu, binti wa yule mama mwenye nyumba, na kila asubuhi tulikwenda shule tumeshikana mikono. Nilikuwa na mwalimu aliyejifunza kulitamka jina langu lote bila kulifupisha. Kwa mtoto aliyekwishahamishwa mara kadhaa kabla hajaota meno ya ukubwa, haya si mambo madogo. Nilijua duka gani hutoa peremende ya ziada, mbwa gani hubweka tu bila kung'ata, na ngazi gani nyumbani hulia ukiikanyaga. Juu ya kabati la nguo yalikaa masanduku yetu, na kila nilipokwenda kulala niliyatazama kuona kama yapo pale pale. Hofu yangu kubwa duniani ilikuwa siku nitakayoingia chumbani nikayakuta yameteremshwa.

Basi baba akapata rafiki. Niseme vizuri, alikuwa rafiki yake wa zamani, mwalimu mwenzake tangu Unguja, aliyekuwa amehamia Marekani, na habari zikamfikia baba kwamba kule wanatafuta walimu na hawana makuu ya vyeti. Baba akaenda maktaba akaazima vitabu. Akasoma jioni, akasoma kwenye basi, akasoma huku anakula. Na kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, akijua jambo hawezi kulala nalo peke yake, habari zikaenea kwamba pale Kilburn yupo Mzanzibari anayeyajua majimbo yote ya Marekani, na ukitaka kuhamia huko, nenda ukamsikilize Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Watu wakaja. Wengine walikuja mara moja wakapotea, lakini wawili hawakukosa. Mmoja alikuwa nesi wa Kikenya, anakuja moja kwa moja kutoka kanisani, anavua viatu mlangoni na kuomba radhi kwa ajili ya miguu yake iliyovimba kwa kazi. Wa pili alikuwa Mhindi mwenye duka, mtu wa Kampala aliyefukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wenzake wote, sasa anakaa Queensbury, mtaa mwingine wa London, na ukoo wake mzima katika nyumba moja. Yeye alikuja na boksi la mithai, vile vitamu vya Kihindi, kila mara, akampa bibi kwa mikono miwili, na bibi akampenda kwa hilo.

Ubao hatukuwa nao. Lakini fikiria chumba kile wakati wa baridi: hita inawaka, birika la chai ya iliki linachemka, sinia la kachori limetoka kwenye mafuta, watu wamebanana na makoti yao yaliyolowa. Dirisha lilikuwa likijaa mvuke mpaka usione nje. Baba anasimama pale na shati lake la Jumapili, ananyoosha kidole, anachora jimbo. Mipaka kwanza, kisha mito, kisha nukta ya mji mkuu. Alikuwa akichora bila kutazama kitabu. Akizungumza, majimbo yanaanza kuchuruzika maji chini, Florida inarefuka, Texas inaota mikia, na yeye anayarudishia mipaka huku akiendelea kufundisha. Sauti yake ya Jumapili haikuwa ile ya siku za kazi. Ilisimama wima.

Sasa huyo ndiye baba. Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa bibi. Baba asingeweza kusafiri bila radhi ya mama yake. Kwetu jambo hilo halikuwa hata la kujadiliwa. Na bibi huko Unguja alikuwa mwanamke wa kazi maalumu. Mtaani kwao ikija posa, kabla familia haijajibu, yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumchunguza mchumba: watu wake ni nani, anakaaje na majirani, kuna maradhi gani katika ukoo, aliyemtangulia kuolewa naye aliachwa kwa nini. Hakuwa na njia nyingine ya kumjua mgeni. Kwa hiyo baba alipoanza kuleta majimbo yake, bibi akakaa kwenye mkeka, akafunga kanga yake sawasawa, akayapokea kama waposaji.

"Huyu majirani zake nani?" anauliza.

Baba anataja.

"Wanapatana?"

Baba, kwa heshima zote, anaeleza vita gani vilipiganwa na nani.

Louisiana haikudumu. Baba alieleza vizuri mto wake mkubwa, mchele wake, samaki na pilipili, na bibi alikuwa ameanza kulainika. Kisha baba akafika kwenye historia: lilikuwa la Wafaransa, likawa la Wahispania, likarudi kwa Wafaransa, kisha likauzwa kwa Wamarekani.

"Ameachika mara ngapi huyo?" bibi akauliza, na ndiyo ikawa mwisho wa Louisiana.

Alaska naye, aliyenunuliwa kutoka kwa Warusi, akaenda njia hiyo hiyo. California alikuwa na machungwa na dhahabu, lakini ardhi yake hutetemeka, na bibi hakutaka mtu wa kutetemeka bila sababu. Kansas ni shamba la ngano lisilo na mwisho, ila ina kimbunga kinachoshuka kutoka mbinguni kama mkonga na kunyanyua nyumba. "Ana maradhi ya kuanguka," bibi akasema kwa huruma, "si kosa lake, lakini hatuwezi." Utah ilipofika kwenye wale wahamiaji wa kwanza waliokimbilia kule na dini yao, ambao zamani wanaume wao walioa wake kadhaa, bibi, aliyekuwa mke wa tatu kwa marehemu babu, alisema Utah asisogee hata mlangoni.

Mhindi wetu aliitamani Texas. "Mwalimu, mimi nataka jua kitu moja tu," alisema. "Biashara iko?"

Baba akamweleza mafuta, ng'ombe, pamba, ukubwa wake unaopita nchi nyingi za Ulaya, na kwamba zamani ilikuwa nchi kamili yenye rais wake.

"Anajisifu mno," bibi akasema. "Anayekuja kuposa akaanza kutaja mali kabla hajaulizwa, mie humtazama viatu."

"Lakini bibi, shopkeeper akikaa kimya, nani nanunua?"

Watu wakacheka mpaka treni ikapita hatukuisikia.

Nesi yeye alivutwa na Minnesota, kwa kuwa mwenzake wa kazini alikuwa na dada huko. Baba akachora maziwa yake, akawa anatoboa dirisha kwa ncha ya kidole kila mahali, akasema wakati wa baridi maziwa hayo huganda mpaka watu wanapita juu na magari.

"Ai, Mwalimu! Na gari haizami?"

"Haizami."

"Huyo mwache, mwanangu," bibi akamshauri. "Moyo wake umeganda."

Jimbo moja tu lilimnyamazisha. Ilikuwa Hawaii. Baba alidhani hapo amepata, maana kuna minazi, kuna bahari, kuna mananasi na joto la mwaka mzima. Akasimulia mpaka akafika kwa malkia wao, jinsi alivyopinduliwa na kufungiwa katika jumba lake mwenyewe. Akashtuka baada ya kwisha kusema. Bibi alikuwa akitazama kikombe chake. Mama akaacha kushona. Kisha bibi akasema polepole kwamba pale pana msiba, na sisi hatuendi kuolewa kwenye nyumba yenye msiba kama wetu. Baba akapangusa dirisha na hakuchora kingine siku ile.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya bibi, sahani ya biskuti zilizovunjika mapajani, nikimwomba Mungu. Jimbo likikataliwa, napumua. Jumapili ikipita salama, nakwenda chumbani kuyatazama masanduku na kuyakuta juu ya kabati, nalala fofofo. Hakuna aliyejua. Watu wazima waliniona mtoto mtulivu anayependa jiografia.

Kisha ikaja Michigan.

Baba alikuwa ameiweka akiba, nadhani, kwa kuwa ndiko alikokuwa yule rafiki yake. Alichora kwanza sehemu ya chini, ikatoka kama kiganja cha mkono kilichonyooshwa.

"Huyu ana adabu," bibi akasema. "Ametangulia kutoa mkono."

Majirani zake? Karibu pande zote ni maji, maziwa makubwa kama bahari, na maji hayagombani na mtu. Kazi? Hutengeneza magari, watu wake hufanya kazi kwa mikono. Hula nini? Samaki, tofaa, matunda mekundu madogo yanayoiva kiangazi. Dini? Baba akasema kuna Waarabu na Waislamu waliokwenda kufanya kazi viwandani, wamejenga msikiti. Bibi akasogea mbele kidogo. Ndipo baba akachora, kule juu penye maji, nukta moja. Kisiwa, akasema. Kisiwa kidogo cha kutembelea ambacho magari yamepigwa marufuku, watu wanapita kwa magari ya farasi, na maduka yake yanasifika kwa halua ya maziwa na chokoleti inayokandwa juu ya meza ya mawe mbele ya wateja.

"Kisiwa," bibi akasema. "Na farasi. Na halua."

"Ndiyo, mama."

"Tutawajibu Jumapili."

Hivyo ndivyo wazee wanavyojibu posa wanayoipenda. Ile wasiyoitaka huimaliza pale pale kwa mzaha. Nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kando yake miezi yote ile. Nikairudisha biskuti kwenye sahani.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Shuleni mwalimu aliniita kwa jina langu lote nami nikataka kulia. Shoga yangu akaniuliza kama ninaumwa tumbo, nikasema ndiyo. Nilitaka kumwambia mama, lakini mama alikuwa ameinamia cherehani kutwa na hakuzungumza. Nikadhani anashona nguo za safari. Na siku moja nilirudi shule, nikapanda ngazi, nikaingia chumbani, nikayakuta masanduku yakiwa chini. Baba alikuwa ameyateremsha kuyafuta vumbi tu, lakini mimi nilikaa sakafuni mbele ya masanduku hayo nikashindwa hata kuvua koti.

Jumapili ikafika. Nesi yupo, Mhindi yupo na boksi lake la mithai, na chai imemiminwa. Baba alikuwa amekwisha kuichora Michigan dirishani kabla hajaombwa, amesimama kando yake. Bibi akala kwanza, akafuta midomo, akasema wazee wamekaa, wametazama, na hawakuona kasoro. Mwanawe amefunga biskuti vya kutosha. Radhi anampa.

Nesi akapiga makofi. Mhindi akampa baba mkono. Baba akatabasamu, akasema, "Alhamdulillahi."

"Ngojeni," bibi akasema. "Bado mwari hajaulizwa."

"Mwari gani, mama?" baba akacheka.

"Wewe utakwenda Michigan, roho yako itabaki Unguja, kama ilivyobaki Unguja tulipokuja hapa. Mimi sina muda mrefu wa kukaa popote. Anayeolewa na bwana huyu ni huyu hapa." Akanigeukia. "Njoo."

Nikasogea mbele yake. Akachukua ncha ya kanga yake akanifunika kichwa, kama anavyofunikwa bibi harusi siku anapoulizwa. Akamwambia nesi na Mhindi wakae karibu, wao ndio mashahidi. Wote walikuwa wakicheka, ikawa kama mchezo. Lakini bibi hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ile ile aliyoitumia huko Unguja kwa wasichana wa watu.

"Mjukuu wangu, baba yako anataka kukuoza kwa Michigan. Umeridhia?"

Nikanyamaza. Nilifunzwa hivyo tangu najua kutambaa: mtoto hatii mdomo kwenye mazungumzo ya wakubwa.

"Umeridhia?" akarudia.

Nikazidi kuinama. Chini ya kanga kulikuwa na harufu ya udi na vitunguu.

"Basi iko tayari!" Mhindi akasema kwa furaha. "Nanyamaza, nakubali. Hata kwetu hivi hivi."

"Kunyamaza ni kukubali?" nesi akauliza.

"Ndiyo, dada," baba akamweleza. "Mwari huona haya kusema. Akinyamaza, wazee wanajua ameridhia."

"Haya, kama ni mila yenu," nesi akasema. "Lakini mimi kwa ward ya hospitali, Mwalimu, mtoto anayelia simshughulikii haraka. Yule amenyamaza ndiye mimi hukimbilia."

Nilimsikia vizuri. Nilisikia pia bibi akivuta pumzi, na nilijua ni pumzi ya nini. Niliwahi kuwaona wanawake kwenye harusi: wakiridhika na kimya cha bibi harusi, mkono unakwenda mdomoni na kigelegele kinapigwa, na kikishapigwa hakirudi. Nikaelewa kwamba adabu yangu yote ilikuwa inanipakia ndani ya ndege. Bibi akauliza mara ya tatu, nami nikaitoa kanga kichwani.

"Sitaki," nikasema. "Sitaki kuhama tena."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilingoja kofi, au angalau jicho. Halikuja hata moja. Kilichonishtua ni kwamba cherehani ilikuwa kimya, na mama, ambaye Jumapili zote zile hakuwa ametia neno, alikuwa amegeuza kiti chake.

"Na mimi sijaulizwa," mama akasema.

Baba akamtazama. "Wewe? Lakini hukusema kitu."

"Hukuniuliza."

"Aulizwe sasa," bibi akaamuru.

"Sitaki," mama akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka.

Baba alisimama pale dirishani, kidole chake bado kimelowa. Nilimwogopa na nilimhurumia kwa wakati mmoja. Michigan ilikuwa imeshaanza kuchuruzika, vidole vyake vinarefuka mpaka kwenye ubao wa dirisha. Baba akaitazama, akachukua mkono wa shati lake la Jumapili, akaipangusa yote, na kwa mara ya kwanza siku ile tukaona barabara na mvua na basi jekundu likipita.

"Posa imevunjika," bibi akatangaza. "Aambiwe kwa adabu, asije akaona tumemdharau. Alikuwa mtu mzuri."

Ah, ndugu yangu, raha ile! Nililia, nikacheka, nikala kachori mpaka mama akaniondolea sinia. Mhindi akafungua boksi lake la mithai, akasema vitamu vya harusi na vitamu vya kuvunja posa ni vile vile. Na baba, baada ya kunywa chai yake, akamgeukia nesi akamuuliza anataka jimbo gani leo, akapulizia kioo kwa pumzi zake kikajaa tena, akafundisha Wisconsin na maziwa yake ya ng'ombe na jibini yake kwa uhodari ambao sijawahi kuusikia kwake kabla ya siku ile. Jioni masanduku yakarudi juu ya kabati. Nilimshikia baba kiti.

Darasa halikufa. Kwa miaka mingine kadhaa watu waliendelea kuja, wakasikiliza, wakaenda zao. Nesi hakumsikiliza bibi, aliolewa na Minnesota, akatuletea picha yake amesimama juu ya ziwa na koti kama godoro, anacheka. Mhindi hakutoka Queensbury. Wanawe ndio waliokwenda New Jersey na Texas, na akaanza kusema Texas hana tabia mbaya hata kidogo ukimzoea. Baba baadaye alipata kufundisha watu wazima shule ya jioni, si mbali na kwetu. Siku ya kwanza alivaa lile shati.

Sasa wamekwisha. Bibi alizikwa hapa hapa London, akafuatiwa na mama. Ile nyumba ipo, lakini imegawanywa vijumba vidogo na madirisha yake ni ya vioo viwili viwili, hayashiki mvuke. Hita ya sarafu hakuna. Mkeka sijui ulikwenda wapi. Na sijui nyumba gani leo ambamo bibi wa umri ule, aliyekwisha kutoa radhi yake, angesimamisha furaha ya watu wazima ili aulizwe mtoto aliyekaa pembeni.

Baba ndiye aliyebaki mwisho. Miaka michache kabla hajafa, tulikuwa jikoni kwangu tunakunywa chai, nikamuuliza kitu nilichokaa nacho tangu utotoni, kama aliwahi kujuta kutokwenda. Alikoroga chai yake. Akaniambia kwamba alipenda kufundisha Marekani, lakini kwenda hakutaka. Alikuwa amechoka kuhama. Lakini alishawaambia watu, na mwanamume mwenye vyeti anayefunga biskuti angesimamaje mbele ya mama yake, mkewe na wageni akasema hana nguvu za kuanza tena? Kila Jumapili alipochora jimbo, akasema, alikuwa akiomba moyoni bibi alikatae. Bibi alipoikubali Michigan, yeye alitabasamu kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, na sisi tukadhani ni furaha.

Nikamwambia, "Baba, mimi nilikuwa naomba dua hiyo hiyo. Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema, na tukacheka mpaka chai ikapoa.